Fundi Saa na Vifungo Viwili

Mke wa kaka yangu ana kibao juu ya mlango wa duka lake kilichoandikwa FUNDI SAA. Dirishani kuna kabati la kioo lenye saa tisa za mkono, na tatu kati ya hizo zilikufa kabla kaka hajamwoa. Ukimpelekea saa iliyosimama ataipokea, ataitia betri mpya, nawe utakwenda zako umeridhika. Lakini saa si kazi yake. Kazi yake ni meno. Wifi yangu anatengeneza meno bandia, moja moja au kinywa kizima, na kwa jinsi anavyoyatengeneza, huenda unasalimiana na wateja wake kumi kila siku na hujui.

"Kwa nini usiandike meno?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Nani ataingia?"

"Si mwenye shida ataingia?"

"Wifi, mtu akionekana anaingia kwa fundi saa, mbovu ni saa. Akionekana anaingia kwa fundi meno, mbovu ni yeye."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka. Alikuwa anasugua jino kwa msasa, jino dogo kama punje ya mahindi, analigeuzageuza kwenye mwanga kana kwamba analitafutia mchumba.

Kazi hiyo aliianza na ufagio. Alikuwa binti wa miaka kumi na minane, msafishaji kwenye kliniki ya meno, akifagia chumba cha mzee mmoja aliyekuwa akichonga meno peke yake huku akiimba vibaya. Mikono ya yule mzee ilipoanza kutetemeka, akamwita: wewe unayefagia, njoo unishikie hii. Akashika. Kufika mwaka wa tatu alikuwa anashika kila kitu, mzee kabaki na kuimba.

Kufunga mdomo, lakini, hakukujifunza kwa mzee. Alijifunza kwa mama yake mzazi. Mama huyo meno yote ya mbele yalimtoka angali kijana, na alikuwa mcheshi wa kupindukia, mtu wa kuanzisha nyimbo kwenye kila shughuli. Siku moja sokoni jirani akamwita kwa sauti ya juu, "We kibogoyo, njoo huku!" Watu wakacheka. Na yeye akacheka nao, mkono mdomoni. Wifi anasema tangu siku ile mkono haukutoka mdomoni, na nyimbo zikaisha. Meno ya kwanza aliyoyatengeneza peke yake, kuanzia kalibu mpaka kung'arisha, yalikuwa ya mama yake. Aliyapeleka ndani ya mfuko wa sukari, chini kabisa, ili hata wadogo zake wasiyaone.

Basi duka lake lina vyumba vitatu vilivyofuatana. Cha mbele ni cha saa. Cha kati ni cha kazi, kina meza, kiti kimoja na kioo. Cha nyuma kina magunia ya plasta na mlango unaotokea kichochoroni, pembeni ya mtu wa fotokopi. Wateja wawili hawakutani kamwe. Jina la mtu haliandikwi popote. Ukileta kazi, wifi anachukua vifungo viwili vya nguo vinavyofanana, kimoja anakupa, cha pili anakibandika kwa gundi juu ya boksi lako. Siku ya kuchukua, unaleta kifungo chako, kinalinganishwa, unapewa boksi. Na kama ulikuwa na meno ya zamani unayaacha, yanapondwa kwa nyundo mbele ya macho yako, yawe unga, mtoto asije akayaokota jalalani akaanza kuuliza maswali.

Sasa nieleze nilivyoingia mimi, maana bila mimi hakuna kisa.

Mimi mtaani naitwa Redio. Jina hilo sikupewa kwa uonevu, nimelitolea jasho. Biashara yangu ya nguo za mitumba ilipokufa, kaka akamwomba mkewe anichukue kazini. Wifi akalitafakari siku mbili. Siku ya tatu akaniambia, "Njoo. Miezi mitatu ya kukutazama. Nikisikia neno la humu ndani limefika nje ya mlango, hata kama ni rangi ya ndoo, tunabaki mawifi tu."

"Mimi?" nikasema. "Mimi kaburi!"

"Makaburi hayajitangazi," akasema, akanipa aproni.

Mwezi wangu wa pili ndipo mtaa mzima ukaingia wazimu wa harusi moja. Bwana harusi alikuwa Refa, mjane wa miaka sitini na mitatu, mwamuzi wa mpira aliyestaafu lakini kipenga hakijastaafu, kiko mfuko wa shati mpaka leo. Refa alijulikana pia kwa chafya zake. Zilikuja tatu tatu, na ile ya tatu iliishia na mluzi, kama anamaliza kipindi cha pili. Bibi harusi alikuwa Mama Keki, mjane mwenzake, miaka hamsini na minane, mwenye jiko la keki kona ya barabara. Walikuwa wakitembea jioni wameshikana mikono kama wanafunzi waliotoroka shule. Watoto wao walinuna mwezi mzima, wakachoka kununa, wakaanza kushona nguo.

Jumamosi ya harusi, ndoa ikiwa saa kumi jioni, wifi aliamka na kazi ya kwenda kumpima mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani. Akavaa viatu, akanionyesha maboksi mawili mezani. Moja lilikuwa na kifungo kikubwa cheusi cha koti. La pili lilikuwa na kifungo kidogo cheupe, kinang'aa kama lulu.

"Watakuja watu wawili kuchukua. Kifungo kwa kifungo. Wayavae hapa mbele ya kioo ndipo watoke."

"Ni akina nani?"

Akachukua mkoba wake.

"Na kukitokea neno?"

"Tumia akili yako," akasema, akaondoka.

Nilijisikia mkubwa. Maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Saa tatu mlango wa nyuma ukagongwa. Nikafungua. Mtu kavaa miwani ya jua, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, skafu shingoni, na jua lenyewe linachoma. Kipenga kinachungulia mfukoni.

"Shikamoo Refa."

"Si mimi," akasema Refa. Kisha akaona haina maana. "Marahaba. Nimekuja kuchukua saa."

"Saa zinachukuliwa mlango wa mbele, mzee."

"Ile saa nyingine."

Ndugu yangu, kifua kilinijaa kicheko nikakimeza kizima kama yai. Refa! Yale meno tunayoyasifu mtaani! Nikakunja uso kama karani wa benki, nikasema, "Kifungo, tafadhali."

Akajipapasa mifuko yote, mpaka ya shati, mpaka soksi. Kifungo kilikuwa kwenye suruali ya jana, na suruali ya jana ilikuwa kwa dobi. Akaanza kunisihi. Kinyozi anamsubiri, wanawe wanamtafuta, ndoa saa kumi.

Nikatumia akili yangu. Nikatazama maboksi. Hiki cheupe cha lulu ni cha mwanamke, hata kipofu anajua. Hiki cheusi kikubwa ni cha mwanamume. Na tena refa! Maisha yake yote uwanjani kavaa nyeusi! Nikampa boksi la kifungo cheusi, nimejisifu moyoni; naye kwa haraka na ile miwani ya jua, kifungo hata hakukitazama.

"Yavae basi, tuone yalivyokaa."

"Mbele yako?" Akaniangalia juu ya ile miwani. "Redio?"

Akageuka ukutani, akatoa ya zamani yaliyochakaa, akanipa ndani ya leso. Nikayaponda kwa nyundo, pa, pa, pa. Akatoka kichochoroni mbio, mkono mdomoni, boksi kwapani bila kulifungua.

Saa nne kengele ya mlango wa mbele ikalia. Aliyeingia ni Mama Keki, unga wa ngano kwenye viwiko, rola za nywele kichwani chini ya mtandio. Akatazama saa zote tisa dirishani kana kwamba anataka kuzinunua.

"Mdogo wangu, fundi yupo?"

"Katoka, dada. Saa yako imeharibika?"

Akafungua pochi, akaweka kitu juu ya kaunta. Kifungo. Kikubwa. Cheusi.

Boksi la kifungo cheusi liko njiani linakwenda kwa kinyozi. Kumwambia limechukuliwa ni kumfanya aulize na nani. Labda wifi kakosea kubandika, nikajiambia, labda mkono wake umeteleza. Nikamletea lile jingine.

"Mbona hiki cheupe?"

"Gundi ilibanduka, tukabandika kingine."

Ulaini wa ule uongo ulinitisha mwenyewe. Naye hakutaka kuvaa mbele yangu. "Nitayavaa nyumbani, mdogo wangu, usichukie. Mdomo wako tunaufahamu." Akatoa ya zamani chini ya mtandio, nyundo ikafanya kazi yake, akaenda kumalizia keki yake.

Wifi alirudi saa tano.

"Wamekuja?"

"Wote wawili."

"Kifungo kwa kifungo?"

Nikaanza kufuta kaunta safi. Akaweka mkoba chini polepole.

"Wifi. Cheusi kachukua nani?"

"Refa."

"Kwa nini?"

"Hakuwa na kifungo. Ukaniambia nitumie akili. Nikaona ni mwanamume, na marefa wanavaa nyeusi."

Akakaa kwenye kile kiti cha wateja. "Nilibandika kinyume makusudi. Ili mtu mwenye mdomo akichungulia, akisie vibaya."

"Basi nimekisia vibaya."

"Umekisia vizuri kabisa, kama nilivyotaka mtu akisie." Akashika kichwa. "Na ya zamani?"

Nikamwonyesha nyundo.

Hapo ndipo aliponieleza, kwa mara ya kwanza, jambo la mteja. Mama Keki alikuja wa kwanza, akamwambia: Refa asijue, nife kwanza. Wiki moja baadaye akaja Refa na saa nzima isiyo na ubovu, akamwambia: yule mama asijue, heri ajue kwamba nakoroma. "Nikawajibu wote wawili: kwangu halitatoka. Neno hilo, wifi, ndilo duka hili. Leo likivunjika, Jumatatu naweka betri kwenye saa kwelikweli."

Nikakimbilia simu. Akaninyang'anya.

"Simu ya Refa leo anayo mwanawe. Ya Mama Keki anayo dada yake. Unampigia nani, unamwambia nini?"

"Sasa tufanyeje?"

"Chemsha maji. Wakiyajaribu watakuja wenyewe."

Tena walikuja haraka. Saa sita na dakika tano, kichochoroni, Refa, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Meno ya Mama Keki kayashika kwenye leso.

"Fundi," akasema, midomo imeingia ndani kama mfuko uliovutwa kamba, "hayathimami! Yanaanguka! Nithemeje 'nimekubali' mbele ya watu?"

"Nipe. Kaa juu ya gunia hapo. Usikohoe, usiite mtu, usichungulie."

Akafunga mlango wa kati. Hatujavuta pumzi, kengele ya mbele ikalia. Mama Keki. Meno ya Refa yalikuwa yamemjaa mdomoni, midomo haifungi, mtu anaonekana anacheka kitu ambacho sisi hatukioni. "Aah!" akasema. "Aah, aah!" Nikampokea, nikamleta chumba cha kati, nikamkalisha mbele ya kioo. Wifi akamtoa yale meno kwa utaratibu kama mtu anayetoa keki ya moto kwenye tanuri.

Sasa tazama. Refa nyuma, kibogoyo. Mama Keki katikati, kibogoyo. Kati yao mlango mmoja wa mbao. Na wifi mezani, seti mbili mbele yake, anazisugua kwa brashi na sabuni, anazitia kwenye dawa, dakika kumi. Ndipo wazo likanijia, na lilikuja lenyewe, sikuliita: kila mmoja amekwisha kuvaa kinywa cha mwenzake. Hawa watu wamebusiana kabla ya ndoa na hawajui! Kicheko kikanipanda mpaka machozi. Wifi akanikanyaga mguu bila hata kugeuka.

"Fundi," akasema Mama Keki, mtandio mdomoni, "yale niliyovaa ni ya nani?"

"Ya mtu msafi," akajibu wifi.

Nataka muelewe huyu mwanamke. Hasemi uongo. Anakupa ukweli mdogo kabisa unaotosha, anafunga kopo.

Dakika ya saba, vumbi la plasta likafanya yake. Kutoka nyuma ya mlango: chafya. Kimya. Chafya. Mimi nimeshika meza. Ya tatu, ndefu, ikaisha kwa mluzi.

Hakuna mtu mtaani asiyeijua chafya ile. Mama Keki aligeuza shingo polepole, akautazama mlango. Wifi akachukua brashi, akaanza kusugua meza.

"Nani huko?" akauliza Mama Keki.

"Vumbi."

"Vumbi linapiga chafya?"

"La humu linapiga."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nilimwona wifi akisugua mahali palipokwisha kuwa safi. Uso haukutikisika, lakini brashi ilirudi pale pale, ikarudi tena. Mama Keki akaitazama ile brashi. Akautazama mlango. Akatazama zile seti mbili ndani ya dawa, moja kubwa, moja ndogo, na nikaona hesabu zinapita machoni mwake moja baada ya nyingine. Angeweza kuinuka. Hatua tatu tu na kitasa.

Hakuinuka. Mabega yakaanza kutikisika. Alicheka bila sauti, mtandio wote kauziba mdomoni, machozi yanamshuka mpaka kidevuni. Nami kuona vile nikaishiwa, nikaenda kucheka ndani ya kabati la aproni.

Wifi akampa meno yake. Akayavaa. Yakakaa taratibu kama mtu aliyerudi kwenye kiti chake. Akajitabasamia kwenye kioo, akatengeneza mtandio, kisha akasema kwa sauti safi, yenye kila herufi, akielekea mlangoni:

"Haya fundi. Mwambie hilo vumbi lako lijiandae. Saa kumi si mbali, na mimi sipendi kusubirishwa."

Nyuma ya mlango gunia likalia chini ya mtu aliyeinuka ghafla. Halafu kikalia kipenga. Kidogo tu, cha midomo isiyo na nguvu. Kile cha kuruhusu mchezo uendelee.

Mama Keki akatoka mlango wa mbele. Wifi akafungua mlango wa kati, akamvalisha Refa ya kwake. Kichochoroni nilimsikia Refa akianza kuimba.

Ukumbini jioni walikata keki, wakalishana vipande vikubwa kupita kiasi, wakawa wanatafuna kwa nguvu huku wanatazamana. Kila Refa alipokosa maji, bibi harusi alipaza sauti, "Jamani, mpeni Vumbi wangu maji!" Mashangazi wakanong'onezana kwamba mapenzi ya uzeeni yana majina ya ajabu. Mimi nilikuwa na maneno elfu moja mdomoni. Nikajaza keki juu yake.

Wifi alikuwa ameketi kando yangu. Nikamwinamia.

"Basi Jumatatu nisije?"

Akatafuna, akameza, hana haraka. "Nilikwambia utumie akili yako, halafu nikaificha akili yako kila kitu ambacho ingekitumia. Nusu ya kosa ni yangu. Nusu nyingine ni ya mdomo wako. Wangekuamini wakayavaa pale pale, tungejua saa tatu asubuhi."

Hilo liliniingia kuliko kufukuzwa.

"Njoo saa mbili," akasema. "Nitakuonyesha mambo ya vifungo."

Nimefanya kazi pale miaka minane sasa. Bado naitwa Redio, na habari za mtaa bado nazitangaza, mtaa ungekauka bila mimi. Lakini za ndani ya ule mlango hazijawahi kutoka, na siku hizi wateja wanayavaa mbele yangu, wananionyesha hadi fizi. Hata kisa hiki msidhani nimekitoa mimi. Mwaka jana Refa alifikisha miaka sabini. Wajukuu walikuwa wanamsumbua awatishe, basi akayachomoa meno mbele ya ukumbi mzima, akayagonganisha kama mamba. Watoto wakapiga kelele. Mama Keki naye kuona vile, akayachomoa ya kwake! Wakagongeana meno hewani kama watu wanaogongeana glasi. Wanawe walitaka ardhi iwameze. Kisha Refa akasimulia yote mwenyewe, kichochoro, nyundo, gunia, chafya, na watu wakaanguka kutoka kwenye viti.

"Na aliyetutengenezea," akapaza sauti, akamwendea wifi mikono imefunguliwa, "ni huyu hapa! Wote wawili! Wala hakutoa siri hata moja! Fundi, sema basi, leo tumekuruhusu, si ni wewe?"

Ukumbi mzima ukamgeukia. Nikamwombea moyoni aseme ndiyo, apate walau mara moja kupigiwa makofi kwa kazi yake.

Wifi akafuta vidole kwa leso. Akaushika mkono wa Refa, akaugeuza taratibu, akatazama saa yake.

"Iko nyuma dakika tano, mzee," akasema. "Ipitishe dukani Jumatatu."